Mzee Athumani Nasri na Maganda ya Kijani

Tarehe 30 Juni 1998 Mzee Athumani Nasri anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha ngozi. Wengi tutamkumbuka kwa upendo. Wote tutamkumbuka kwa kutuchosha.

Aliajiriwa mwaka 1969 kusukuma mikokoteni ya ngozi mbichi, akapanda hadi fundi wa mapipa ya kusindikia ngozi, na tangu 1988 amesimamia matangi ya maji machafu. Maji hayo yana kromu, madini mazito yanayoifanya ngozi isioze. Zamani yalikwenda mtoni yakiwa ya kijani, na huko chini watu wanamwagilia mchicha. Mzee Athumani na mtaalamu mmoja aliyetutembelea wakaanzisha njia isiyoudhuru mto: maji hupitishwa kwenye tangi la maganda makavu ya kahawa, maganda yananasa kromu, kisha yanasuuzwa kwa tindikali hafifu na kromu inarudi kwenye mapipa kufanya kazi tena.

Njia haina shida. Mwenye njia ndiye mtihani. Aliwahi kusimamisha kazi kiwanda kizima kwa sababu mtu alimwaga makombo ya chai kwenye mfereji wake. Bwana Iqbal alipokinunua kiwanda mwaka 1993, Mzee alimdaka getini akampeleka kwenye matangi, na meneja akamsubiri mgeni wake mpaka soda zikapoteza gesi.

Lakini Februari 1995 alituweza. Mzee ni mtoto wa mjini, hajawahi kulima hata bamia. Ijumaa moja akayapanga nje ya uzio magunia ya maganda yaliyokwisha kunasa kromu, yapate jua kabla ya kusuuzwa. Kwa sisi tuliokulia Mlima Meru, maganda ya kahawa yaliyowekwa nje ni ya mwenye mabega. Unayabeba, unayatandaza kwenye migomba. Tena ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, na haya yalikuwa na rangi ya kijani. Tukaona yana nguvu kuliko ya kawaida. Jumatatu aliporudi hakukuta hata gunia moja.

"Mnawalisha watoto dawa ya ngozi!" alitufokea. "Masika ikinyesha, hiyo kromu iko kwenye migomba na kwenye mfereji mnaokunywa!"

Akachukua pikapu ya kiwanda bila ruhusa, akapanda na koleo hadi Akeri, kijiji chetu mlimani, akaenda nyumba kwa nyumba. Kila aliyerudisha gunia la kijani alipewa safi kutoka kwa wakoboaji kahawa. Mgumu alikuwa Mama Hanna, mke wa Godwin wetu wa boila, kwani yeye alikuwa ameshatandaza.

"Shikamoo Mzee. Mbolea yangu haitoki."

"Marahaba. Inatoka."

"Nikuzolee na nini, na meno?"

"Nitazoa mwenyewe, mama. Wewe kaa hapo unitukane."

Akakwangua udongo chini ya migomba yote, Mama Hanna akimfuata nyuma na kulalamika kwamba anaacha mizizi wazi. Baadaye naye akashika jembe, akisema hawezi kutazama mtu wa mjini akiliharibu shamba lake. Masika ilipoanza, magunia yote yalikuwa yamesharudi.

Tangu hapo aliomba banda lenye kufuli. Aliomba katika kila mkutano, mpaka tukawa tunamalizia sentensi zake. Akijibiwa subiri, aliyalaza magunia ofisini mwake, na wote tuliofuata sahihi huko tulitoka tukinuka ngozi.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilimwuliza anachagua nini, saa ya ukutani au godoro. Akachagua banda. Tukamwambia hiyo si zawadi ya mtu. Akasema basi hastaafu. Bwana Iqbal akakubali, nadhani ili apate usingizi. Tulilijenga wenyewe, na Godwin akachomelea mlango. Ijumaa Mzee alikuja kulikagua, akatikisa kufuli, akatangaza kwamba mlango umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Godwin ameunyoosha, kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapa.

Asante, Mzee wetu, kwa mto ulio safi na kwa migomba ya Akeri. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu nyumbani Sekei. Ukipita huku karibu chai, na shikamoo utapewa na kila mtu. Ufunguo wa banda anao Susana aliyekupokea kazi, na amesema hakupi.