Oriano Zanasi, Fundi wa Upande wa Kushoto

Wasifu huu unasomwa na Argia Zanasi, mdogo wake marehemu, katika makaburi ya Spilamberto, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2019. Baba Paroko ameniomba niwe mfupi. Nimemsikia. Lakini kaka yangu aliishi miaka themanini na miwili na hakuna hata mmoja aliokaa kitako, kwa hiyo leo tuvumiliane.

Marehemu Oriano alizaliwa tarehe 9 Februari 1937 hapa hapa Spilamberto, katika nyumba ya kupanga karibu na mto Panaro, akiwa mtoto wa kwanza wa mhunzi Adelmo Zanasi na mkewe Desolina. Mimi nilimfuata baada ya miaka minne. Baba alitengeneza viatu vya farasi na majembe, mama alikwenda kuchuma cheri katika mashamba ya watu kule Vignola. Oriano alikuwa mtoto mbishi. Ukimwambia hapana, anakuuliza kwa nini. Ukimweleza kwa nini, anakwenda kufanya vilevile. Mama alikuwa akisema kwamba huyu hakumzaa, alitoka mwenyewe alipochoka kungoja.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kumaliza darasa la tano mwaka 1948. Baadaye aliingia shule ya ufundi ya jioni mjini Modena. Alikwenda kwa baiskeli, hata katika ule ukungu wetu ambao mtu haoni mkono wake mwenyewe, na alipata cheti mwaka 1954. Katika somo la bati aliongoza. Katika michoro alifanya vibaya sana, na mwalimu aliandika kwamba kijana huyu hachori, anagombana na karatasi. Baba alicheka siku nzima.

Mwaka 1959 aliajiriwa na Officine Tagliazucchi, Modena, akiwa fundi bodi. Wakati ule kiwanda kilitengeneza magari ya mashindano na magari ya watu wawili, kama majirani zake wote. Ndipo wenye viwanda wa nchi hii walipopata wazo ambalo wengi waliliona la kichaa: kuchukua injini ya mashindano na kuitia katika gari la milango minne, lenye viti vya ngozi na mbao safi, ili tajiri aende Roma na mkewe, watoto na mama mkwe bila kupunguza mwendo. Gari la Tagliazucchi liliitwa Estense, na lilionyeshwa Torino mwaka 1964. Mafundi wakubwa hawakutaka kuligusa. Oriano aliomba mwenyewe kupelekwa huko.

Huko baa walimchosha kwa maneno. Akiingia tu, mmoja anapiga mluzi na kusema, "Teksi! Nipeleke stesheni, bwana, na mizigo yangu." Oriano anaagiza divai yake ya lambrusco, anakunywa, anajibu, "Wewe gari lako lina viti viwili. Mkeo anajua nani anakaa kile cha pili?" Basi kila mtu anainamia glasi yake na kuwaza la kwake.

Sasa lazima nieleze jinsi walivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa yaliyomsumbua kaka yangu mpaka kitanda cha mwisho. Bodi la Estense liligongwa kwa mkono, bati la alumini juu ya mfuko wa mchanga, na kila gari lilikuwa na mafundi wawili. Mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Wa kushoto hakugusa kulia maisha yake yote, na wa kulia hivyo hivyo. Kila mkono una tabia yake, kwa hiyo hakuna gari lililokuwa na pande mbili zilizofanana kabisa, na mlango wa gari hili haukukubali gari lile. Oriano alikuwa wa kushoto. Wa kulia alikuwa Vainer Cavicchioli wa San Cesario, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Estense la kwanza lilipokuwa tayari kwa majaribio, kaka alimbembeleza dereva ampakie mama kiti cha nyuma. Mama alivaa gauni lake jeusi la kanisani. Wakapanda milima hadi Pavullo kwa mwendo ambao sitautaja mbele ya Padre, wakarudi. Kaka na Vainer wakamkimbilia.

"Vipi, mama?"

"Zuri," mama akasema. "Lakini kuingia niliingia kama kuku anayerudishwa bandani. Na huo mlango umenigonga goti. Nyie mmetengeneza gari la nani, la watu au la miguu ya nzige?"

Wakabomoa milango yote miwili ya nyuma na kuongeza upana wa vidole viwili kila upande. Meneja alipouliza nani ametoa amri, Vainer alimjibu, "Bi Desolina." Kuanzia siku hiyo kaka alikuwa na msimamo mmoja tu, kwamba gari linaloacha mama wa mtu nyumbani halijakamilika.

Tarehe 26 Septemba 1965 marehemu alifunga ndoa na Ivonne Barbolini katika kanisa hili hili tulilotoka sasa hivi. Wifi yangu Ivonne alikuwa mshona viti vya ngozi kiwandani hapo, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Alimkubali kwa sharti kwamba asiongelee milango wakati wa kula. Sharti hilo halikumaliza hata supu ya tortelini ya siku ya harusi. Walijaliwa binti mmoja, Nives, mwaka 1968. Nives alijifunza kushika nyundo kabla ya kijiko, na mama yake hakuwahi kulisamehe jambo hilo, ingawa leo analiringia.

Kisha petroli ikapanda bei. Mwishoni mwa 1973 serikali ilikataza magari Jumapili, na tuliiona barabara kuu ya Via Emilia imejaa baiskeli na farasi. Nani angenunua gari linalokunywa kama lile? Mwaka 1975 Tagliazucchi walitangaza kwamba Estense limekwisha. Anayetaka kazi ahamie magari ya milango miwili, asiyetaka aende zake. Oriano alikataa na kusimama getini na wenzake. Vainer, mwenye watoto watatu na mama mkwe mgonjwa, alihama. Nilikuwepo baa siku walipokutana.

"Umeuza upande wako," kaka akamwambia.

"Nimeuza nini? Watoto wangu wanakula, Oriano. Wa kwako atakula milango?"

"Atakula. Na hataona haya."

Hawakusemeshana tena. Mimi nilisema wakati ule na nasema leo, Vainer hakukosea kulisha watoto, na kaka hakukosea kukataa. Walikosea kunyamaza. Miaka minne Oriano alinyoosha magari yaliyogongwa, hapo katika banda la baba, na watu walimletea kutoka Milano na hata Uswisi.

Mwaka 1979 kiwanda kilipata mmiliki mpya. Nchi ilikuwa imepata tena watu wa kupanda magari makubwa, mawaziri na wenye benki, na Estense likarudi, zito zaidi, lenye mbao nyingi zaidi. Wote wawili waliitwa. Mmoja akarudi kushoto, mwingine kulia. Ndugu zangu, hawa watu walifanya kazi miaka kumi na moja na gari moja katikati yao bila kusalimiana. Ivonne ndiye aliyekuwa posta yao.

"Mwambie huyo wa kulia nguzo yake ya mlango imeinama."

"Mwambie huyo wa kushoto macho yake ndiyo yameinama."

Na magari yalitoka mazuri kuliko yote waliyowahi kutengeneza.

Mwaka 1990 mashine za kukandamiza bati zilifika na kazi ya mkono ikasimamishwa siku hiyo hiyo. Bodi la mwisho lilikuwa na milango mitatu. Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa haujaanzwa. Vainer aliweka nyundo chini, akavaa koti, akaenda nyumbani. Oriano aliomba bodi lile badala ya saa ya mkono wanayopewa wastaafu, wakampa, akalivuta kwa trekta mpaka Spilamberto. Aliapa mbele yetu, "Gari hili litatoka banda hili na milango minne, na Ivonne atakaa nyuma kama mke wa waziri."

Injini alipata, viti Ivonne alishona, vioo aliviagiza. Mlango ulimshinda. Nguzo zote za upande ule ziligongwa na mkono wa Vainer, na mlango ulitaka mkono ule ule. Kaka alitengeneza mmoja, akautupa. Akatengeneza mwingine. Ukifungwa, unakaa vizuri juu na kutoka nje chini. Akirekebisha chini, juu inakataa. Nives, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alimwambia, "Baba, tumwite Vainer." Akajibu, "Vainer alichagua milango miwili. Aendelee nayo." Nikamwambia yeye ni mbishi mjinga. Akasema mbishi anakubali, mjinga tutajadili.

Mwaka 2014 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka, ule wa Parkinson. Mikono iliyokuwa inasikia unene wa unywele kwenye bati ikawa haiwezi kushika kikombe. Hakuacha. Alimfunga Nives kwenye kazi kama mkono wake mwingine, yeye akielekeza, binti akigonga, na Ivonne akiwaletea maandazi ya chumvi na nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba ili wakumbuke kula. Lakini Nives alifundishwa na baba yake. Naye ni wa kushoto.

Mwezi uliopita alitaka apelekwe bandani. Tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Aliweka kiganja juu ya mlango ule na kukipitisha taratibu toka juu mpaka chini.

"Huu ni mlango wa kushoto umevaa nguo za kulia," akasema. Akakipitisha kiganja tena, toka chini mpaka juu. Mwisho akasema, "Hii kazi inataka mtu wa kulia."

"Yupi, baba?" Nives akamuuliza.

"Kwani wako wangapi?"

Nililia pale pale, na sioni aibu. Kwa kaka yangu, hilo ndilo lilikuwa ombi la msamaha. Hakujua kuomba lingine. Tulikusudia kumfuata Vainer, lakini homa ya mapafu ilituwahi. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2019, alfajiri, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, Ivonne, binti, Nives, mjukuu, Tobia, mimi dada yake, na gari moja lenye milango mitatu.

Sasa, Vainer Cavicchioli. Najua umekuja, maana hujawahi kukosa mazishi ya fundi wa Tagliazucchi. Najua pia kwamba nyundo zilikuua masikio kama zilivyoua ya kaka yangu, na ndiyo sababu nimeagiza maneno haya yachapwe katika karatasi uliyoshika, usije ukasema hukusikia. Amekuita. Alichelewa, lakini amekuita, na mashahidi ni mimi na Nives. Jumatatu saa mbili asubuhi banda litakuwa wazi na jiko limewashwa. Nives atashika kushoto. Wewe njoo na nyundo zako. Una miaka themanini na mmoja, najua, mgongo unauma, najua. Ivonne naye ana miaka yake na bado anangoja kukaa nyuma. Usipokuja, San Cesario si mbali, nitakufuata mwenyewe.

Oriano, kaka yangu, pumzika kwa amani, umefanya kazi ya kutosha. Sisi wengine bado.