Shangazi Priska na Jina Lisilo Kwenye Ratiba

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Nkuhungu na wa hapa Zuzu, wafanyakazi wenzake kutoka Chamwino, na wageni wetu wa Chemba na Kondoa: shikamooni, na poleni kwa msiba na kwa vumbi hili.

Mimi ni Anitha, binti wa Joel, mdogo wake marehemu. Kwangu mimi Priska alikuwa shangazi. Ukoo umenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa ni mwalimu na nina sauti ya kufika nyuma. Sauti ninayo kweli, ila leo nasoma kwa hofu, na nitawaeleza kwa nini ili msidhani ni kilio peke yake.

Ratiba mnazo mikononi. Ukurasa wa mwisho umeandikwa, "Marehemu hakubahatika kupata mtoto." Desturi yetu mnaijua. Wanaotajwa kuwa watoto ndio wanaoitwa kwanza kutia udongo, jeneza likiwa bado linaonekana. Asiyetajwa hungoja zamu ya majirani na marafiki, na zamu hiyo ikifika kaburi limeshajaa nusu. Yule dada aliyekaa mwisho wa mkeka, mwenye mtandio wa kijani, ni Batuli. Ameishi na shangazi miaka saba. Kikao cha ukoo kilikaa jana kikaamua asitajwe, na leo asubuhi yeye mwenyewe aliniomba nisimtaje, maana anaogopa kuangaliwa. Naombeni mnivumilie nisome, nami nikifika mahali pale Mungu atanionyesha. Kwa sasa hivi sijui nitafanya nini.

Priska Chidawali alizaliwa hapa Zuzu tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa pili wa mzee Chidawali Ndahani na mama Zipora. Bibi Zipora alikuwa mpigaji wa muheme, ile ngoma ambayo kina mama wa Kigogo huibana mapajani, na alikuwa mwimbaji ambaye watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Alifariki mwaka 1981, na hakuna mtu aliyewahi kuirekodi sauti yake. Shangazi alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitusimulia kwamba siku chache baada ya mazishi alijaribu kuikumbuka ile sauti akiwa anachota maji, akakuta imeshaanza kumponyoka. Tangu hapo, akimsikia mwanamke anaimba vizuri, wenzake walipiga makofi na yeye alishikwa na wasiwasi, kama mtu aliyeona mtoto akicheza karibu na kisima.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Zuzu kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana mkoani Singida, akamaliza 1986. Baadaye alisomea uhazili Tabora. Mwaka 1989 aliajiriwa serikalini kama katibu muhtasi, kwanza Dodoma mjini na baadaye Chamwino, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2023. Barua aliyoichapa haikurudishwa kwa kosa. Sifa yake nyingine kazini ilikuwa hofu. Mtu akisafiri, shangazi alimpigia simu kuuliza kama amefika, hata kama ndiyo kwanza ametoka getini. Dereva wao, bwana Zaidi, yupo hapa. Ameniambia kwamba alikuwa akimjibu, "Nimefika, mama," akiwa bado yuko njiani Kibaigwa, ili apate kuendesha kwa amani. Bwana Zaidi, nadhani alijua.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Lameck Daudi, fundi wa reli aliyekuja na kazi kutoka Kigoma akatupenda akabaki. Walijenga nyumba Nkuhungu, Dodoma mjini. Waliomba mtoto kwa miaka mingi, hospitali na kanisani, na waliponyimwa hawakunyoosheana vidole. Mjomba Lameck alifariki mwaka 2015, naye amelala hapa kushoto.

Mwaka uliofuata nyumba ilikuwa kimya mno, akampangisha chumba mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, binti aitwaye Erica. Siku moja Erica alikuwa anafua uani huku simu yake inaimba, na shangazi yuko kibarazani na ungo, anachambua mchele. Alikuwa anaimba mwanamke fulani wa Addis Ababa, yeye na piano tu. Shangazi akajikuta ameshika punje moja ya mchele na mkono hausogei.

"Erica, nani huyo?"

"Ni jazi, mama. Niizime?"

"Nimekuuliza nani. Yu hai?"

Akajibiwa kwamba yu hai, na ni kijana kuliko yeye. Hapo ndipo alipoanza. Kwa miaka tisa aliwatafuta wanawake wanaoimba jazi sasa hivi, wa Johannesburg, wa Lisbon, wa Bamako, wa Oslo, na njia yake ya kuwapima haikubadilika. Alikaa na ungo akachambua mchele huku akisikiliza. Mkono ukiendelea na kazi, alimshukuru mwimbaji akampita. Mkono ukisimama, aliuliza jina. Ndiyo maana majirani mlikuwa mkisema wali wa Priska una mawe. Sisi tuliokula tunajua mlisema kweli.

Aliwataka walio hai. "Waliokufa wana watu wa kuwalilia," alisema. "Huyu bado anahangaika na nauli."

Jumamosi saa kumi jioni aliwaita watu uani waje kusikiliza pamoja. Wazee wangu, ninyi mkisikia jazi mnaona bendi, magitaa, matarumbeta na wanaume wenye suruali pana. Jumamosi ya kwanza baba mkubwa Yoramu, kaka yake marehemu, alikuja na viatu vilivyong'aa, tayari kuserebuka. Shangazi akamkalisha, akaweka dada mmoja anayeimba polepole na gitaa besi peke yake. Baba mkubwa akangoja, akangoja, mwisho akauliza, "Hawa bado wanajaribu vyombo?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, na viatu vya kawaida.

Shangazi alitufundisha kusikiliza pumzi. Alituambia tumngoje mwimbaji pale anapochelewa makusudi nyuma ya mapigo ya ngoma, maana kuchelewa huko ndiko kuimba kwenyewe, na mama yake alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye muheme bila kujua kuna watu mbali huko wanaliita jambo hilo kwa jina lingine. Na kila alipompata mmoja alihangaika kwa ajili yake. Ana watu? Anakula? Nani anaitunza hiyo sauti?

Mwezi Agosti 2018 alikwenda Chemba kwa kazi ya ofisi. Gari lilisimama karibu na mashine ya kukamua alizeti, na ndani, juu ya muungurumo wa mashine, kulikuwa na mtu anaimba. Shangazi alishuka. Wenzake wakamaliza shughuli, wakampigia honi, hakutoka. Aliyekuwa anaimba ni binti wa miaka kumi na tisa, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Umejifunza wapi hivyo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Sijajifunza. Hii mashine ina sauti moja kutwa nzima, inanichosha. Basi naizunguka."

Huyo ndiye Batuli. Shangazi aliwaambia wenzake kwamba hakuwa na mchele siku ile, lakini kama angekuwa nao ungemwagika.

Baba yake Batuli, mzee Masudi Bashiri, alikuwa amefariki, kwa hiyo shangazi alipanda kwenda Kondoa kuzungumza na mama yake, Bi. Nasra. Walikaa siku nzima. Bi. Nasra aliogopa mji, aliogopa muziki, aliogopa mwanawe kukaa nyumba ya Wakristo. Shangazi hakumwambia asiogope. Alimwambia, "Na mimi naogopa hayo yote, dada, tena usingizi utanipotea kuliko wewe." Nadhani hilo ndilo lililomlainisha. Alikubali kwa sharti, na sharti lake wote tunalijua: "Nakupa umtunze. Sikupi awe wako."

Shangazi alilishika sharti hilo. Alimnunulia Batuli mkeka wake wa kuswalia, na mwezi wa Ramadhani alipika futari ambayo, kusema kweli, ilikuwa na mawe. Alimtafutia wapigaji wa piano na besi miongoni mwa wanafunzi wa chuo. Mwaka 2021 Batuli aliimba kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwenye hoteli moja mjini. Nilikuwapo. Batuli aliogopa, lakini aliyenitia hofu ni shangazi, aliyekaa nyuma na mkoba mapajani, midomo inasali. Besi ikaanza. Batuli kimya. Besi ikazunguka tena, Batuli kimya. Shangazi akaamini mtoto amesahau maneno, akasimama aende kumwokoa. Alikuwa katikati ya meza ndipo sauti ikaingia, imechelewa, mahali pake kabisa. Shangazi akaketi palepale, kwenye kiti cha mtu mwingine, na mwenye kiti akala chakula chake amesimama. Leo hii wapo watu Dar es Salaam na Nairobi wanaomfuata Batuli aimbapo.

Mwaka jana moyo wa shangazi ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi tatu zikawa mlima. Alilazwa mara mbili hapa Dodoma akapata nafuu, na mwezi huu wa Septemba akalazwa tena. Siku moja muuguzi alimzuia Batuli mlangoni, akisema kwa hali ya mgonjwa wanaingia ndugu tu. Batuli, mnavyomjua, alikuwa ameshageuka kuondoka. Shangazi akaivuta ile barakoa ya hewa mwenyewe, tukimkataza, akasema, "Huyo ni mwanangu. Mpishe." Alihangaika kupumua baada ya maneno hayo, tukaogopa sana. Hakujuta. Alifariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono wa kulia, Batuli wa kushoto.

Sasa nimefika.

Baba mkubwa, naona unanitazama. Wewe si mtu mbaya, na sitaki mtu hapa akuone hivyo. Jana kikaoni ulisema neno. Ulisema, "Huyo binti ana mama yake, na kesho atakuwa amekaa pale. Utamnyang'anya mtoto mbele ya kaburi?" Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Bi. Nasra, nakuona pale kwenye kivuli cha turubai. Umepanda basi la alfajiri kutoka Kondoa kuja kutuzika, na sharti ulilompa shangazi bado lipo. Nikisoma kama ilivyoandikwa, nitakuwa nimesema uongo juu ya shangazi na yeye hawezi kunisahihisha. Nikisoma kama moyo unavyonituma, huenda nikakuumiza wewe uliye hai. Naogopa yote mawili. Shangazi angeniambia niogope tu, lakini niseme.

Basi nasema. Marehemu Priska Chidawali ameacha kaka mmoja, Yoramu, na mdogo mmoja, Joel. Ameacha watoto wa kaka na wa mdogo wake, nikiwemo mimi. Ameacha wanawake wengi wanaoimba katika nchi ambazo hakuziona, ambao hawatajua kwamba Nkuhungu kulikuwa na mtu anawahofia. Na ameacha mtoto mmoja, Batuli Masudi Bashiri.

Bi. Nasra, nisamehe. Batuli, nawe nisamehe. Kama nimekosea, kosa ni langu, lisihesabiwe kwa marehemu.

Batuli, njoo. Wewe ndiye wa kwanza.

Kina mama, mwacheni, msimsukume. Atasimama mwenyewe.

Baba mkubwa, ngoja kidogo, tafadhali. Naona Bi. Nasra amesimama. Naombeni kimya, sauti yake ni ndogo na upepo unavuma.

Kwa sababu nyuma hamkusikia, narudia kama alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze. Amemshika Batuli bega akamwambia, "Nenda. Mama yako anakungoja."

Kina baba, fungueni njia apite. Bwana ampe shangazi yangu pumziko jema, na amwondolee wasiwasi wote. Amina.