Risala ya Breki Mpya na Magurudumu ya Inchi Kumi na Sita kwa Mkaguzi Mkuu wa Uwanja

Mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Uwanja wa Mbio za Magari. Wasimamizi wa uwanja. Madereva wenzetu mlioacha chakula chenu mkaja kusikiliza. Mabibi na mabwana:

Sisi, wana wa Gereji ya Mlango wa Buluu, tunakukaribisha katika banda hili. Tunatambua kwamba banda ni lako, kiti ulichokalia ni chako, na hata kivuli hiki ni cha paa lako. Hata hivyo tumekipangusa kiti, na kwa kiasi hicho tunajiona wenyeji.

CHIMBUKO LETU

Risala hii imeandikwa na Babu, mkuu wa familia na wa gereji, nasi sote tumeipitisha. Ametaka kwanza ujue unasikiliza watu wa namna gani. Babu yake alikuwa mhunzi, na majirani waliposafiri walimwachia yeye funguo za nyumba zao, ingawa ndiye aliyezichonga na angeweza kuchonga nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa mikokoteni, wala hakuna mkokoteni wake uliowahi kumtoroka mwenyewe mteremkoni. Babu mwenyewe alikuwa fundi wa breki za mabasi ya abiria hadi alipostaafu kwa heshima. Kila basi alilolitengeneza alilipanda yeye kabla ya abiria yeyote, akiwa amefunga tai.

Jina la watu hawa halijawahi kuitwa kituo cha polisi. Halijawahi kubandikwa kwenye lango lolote, mpaka ulipolibandika wewe kwenye lango la uwanja huu.

SABABU YA KUBANDIKWA

Mgeni rasmi, unakumbuka. Lakini wapo waliofika leo tu.

Gari letu ni hili dogo jekundu lililo nyuma ya msomaji. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupeleka watoto shuleni. Baadaye lilianza kuja hapa katika siku za wazi, ambapo mwenye gari lake huzunguka uwanja bila kushindana na mtu, ajifunze kuendesha vizuri. Dereva wake ni mjukuu wa kike wa Babu, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Amepewa kazi ya kusoma kwa sababu ana sauti inayosikika, na kwa sababu Babu amesema.

Siku ile, mwishoni mwa barabara ndefu iliyonyooka, dereva alikanyaga breki, na kanyagio likazama hadi sakafuni. Gari lilipita kona bila kuiaga, likaingia kwenye mchanga, likaegemea rundo la matairi. Dereva alitoka mzima, akajipangusa, akamwambia Babu, "Babu, nimekanyaga hewa."

Alisema kweli. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani. Yalipopata joto la mizunguko mingi yalichemka, yakatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Pedi nazo zilikuwa za kawaida. Kwa kupeleka watoto shuleni zilitosha kabisa.

Wewe ukaandika kwamba gari hili lisikanyage tena uwanja mpaka uzione breki mpya kwa macho yako. Tulisoma, tukaona umeandika vizuri.

MAFANIKIO

Kwanza tuliunda kamati mbili. Kamati ya Breki iliongozwa na mjomba wake msomaji, na Kamati ya Magurudumu ikaongozwa na mama yake mdogo. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, na hufanya kazi kwenye meza moja. Babu aliweka kanuni moja tu, ile aliyowalelea watoto wake wote: asiyekabidhiwa kazi asiiulizie. Kanuni ilizingatiwa. Kwa wiki kadhaa wenyeviti hao wawili waliketi meza moja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wakitafuta vifaa vya gari moja.

Kamati ya Breki ilileta diski kubwa mno, na vishikio vyake vya pedi vinene kama mkate. Kamati ya Magurudumu ilileta rimu nyepesi za inchi kumi na tano, kwa hoja kwamba gurudumu jepesi huitika upesi likikanyagiwa breki na hata likikanyagiwa mafuta. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri. Siku ya kufunga, gurudumu likakataa kuingia.

"Dada, gurudumu lako limegoma," alisema Mjomba.

"Gurudumu langu halina shida. Breki yako imenenepa."

"Ungeniambia unaleta kumi na tano!"

"Ungeniuliza!"

"Niulize vipi, na mzee yule pale ananitazama?"

Babu, aliyekuwa amesimama hapo hapo, alisema, "Wote mmetii. Sasa geukeni, mtazamane."

Wakatazamana. Mjomba akapendekeza rimu za inchi kumi na nane, zimeze breki ile kubwa bila shida. "Na gari litaonekana gari," akaongeza.

"Litaonekana na nani, nalo linapita?" Babu akamuuliza.

Tulizijaribu, kwa haki. Zilikuwa nzito, matairi yakasugua matao ya bodi kila usukani ulipokatwa, na gari likafanana na mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Fundi rangi, jirani yetu, alishauri tuzinyoe rimu ndogo kwa ndani kidogo, zipate nafasi. Babu alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni kwake, akarudi. Chuma kinachobeba mtu hakinyolewi katika gereji yetu.

Ndipo tulipofanya ambalo tungepaswa kulifanya mwanzo. Tulijiuliza kilichomwangusha dereva ni nini. Hakikuwa udogo wa diski. Kilikuwa joto. Kwa hiyo tulirudisha diski zile kubwa, tukachukua za wastani, zenye njia ya kupitisha hewa katikati. Tukaweka pedi zinazovumilia moto, mafuta mapya ya breki, na bomba la kuleta upepo kutoka mbele ya gari hadi kwenye diski. Kisha tukakata kadibodi kwa umbo kamili la kishikio cha pedi, na Mama Mdogo akaenda nayo dukani kutafuta rimu ndogo kuliko zote itakayoweza kukizunguka bila kukigusa.

"Mama, hicho ni nini?" muuza rimu alimuuliza.

"Breki."

"Ya kadibodi?"

"Ya chuma iko nyumbani inasubiri. Lete kumi na sita."

Ya kumi na sita ikakubali. Kidole cha mtu mzima kinapita kati ya rimu na kishikio. Mgeni rasmi, unakaribishwa kupitisha chako.

Kuhusu majaribio, Mjomba amelisimamisha gari hili kwa nguvu zake zote, tena na tena, katika kiwanja kitupu nyuma ya maghala, mpaka miwani ikamtoka usoni. Kanyagio halikuzama. Babu aliketi kiti cha abiria, na tai yake alikuwa ameifunga.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto iliyobaki haiko chini ya gari.

Tangu siku ya mchanga, dereva wetu hajaendesha gari hili. Anaendesha gari la kusambaza mikate. Tumelifuata kwa nyuma. Huanza kufunga breki mbali sana na taa, hata ikiwa ya kijani, na wateja wamelalamika kwamba mkate hufika umepoa. Ukimuuliza, hujibu kwamba siku hizi ana kazi nyingi.

Tulimwomba atusaidie kutoa upepo kwenye breki, kazi ya watu wawili, mmoja akiwa chini kwenye gurudumu na mwingine kwenye kanyagio. Alikubali. Mama Mdogo alikuwa chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Haya, achia."

Hakuachia.

"Achia, mwanangu, nimeshafunga."

"Ngoja kwanza, Mama Mdogo."

Alikaa na mguu juu ya kanyagio lile gumu, imara, mpya, akilisikilizia kama mtu anayesikiliza mlango usiobishwa hodi. Alipotoka garini alisema breki ziko sawa. Alipoulizwa kama atakuja nazo uwanjani, alisema Mjomba aje nazo.

Mjomba anaweza. Lakini huyu ndiye aliyejifunza kona za uwanja huu moja baada ya nyingine, akizichora kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, tukiziruka kila tukienda kunawa mikono. Kona zile hatujazifuta. Tukimkosa yeye, gari hili kwetu ni chuma kilichopakwa rangi.

Anasema anatuamini. Lakini sisi ni watu wake, na anadhani tungemwambia breki ni nzuri hata kama si nzuri. Katika hilo anatukosea. Babu hajawahi kumwambia mtu breki ni nzuri kwa kumpenda.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunayo maombi mawili.

La kwanza, ukague gari hili kwa ukali wako wote, mbele ya macho ya msomaji. Usituhurumie. Ukikuta kasoro, liandike jina letu upya langoni, nasi tutakushikia ngazi.

La pili, kama hutakuta kasoro, tunakuomba uketi kiti cha abiria. Wewe si ndugu yetu, huna sababu ya kutufurahisha, na ndiye uliyelifungia gari hili. Ukiketi pale na kufunga mkanda, neno hilo litamfikia yeye pale ambapo maneno yetu hayafiki. Tumekuuliza asubuhi kwa faragha kama utakubali, ukajibu kwamba utaamua ukishaisikia risala. Umeshaisikia.

Mungu akujalie afya, macho makali, na mkono usiotetemeka unaposhika kalamu. Awalinde wote wanaozunguka uwanja huu na wanaowasubiri nyumbani.

Na sasa, mjukuu wangu, ukurasa huu hukuuona wakati wa mazoezi, kwa sababu ungekataa kusoma. Usiinue macho kunitafuta. Soma mpaka mwisho kwa sauti ile ile, kama ulivyofundishwa. Watu waliotajwa humu hawakukuachia jina ili ulifunike kwa mikate. Vijana mnasikia mambo mengi, leo sikia hili moja: kunja karatasi, mpe Mama Mdogo. Mkaguzi akiridhika, ingia garini. Ukifika mwisho wa ile barabara iliyonyooka, kanyaga.

Ni sisi, Gereji ya Mlango wa Buluu. Tunasubiri kwenye kona.