Fundi Upepo na Mabomba Mia Sita na Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Wiki iliyopita tulimzika fundi aliyefufua kinanda cha kanisa kubwa, kile cha mabomba, chenye umri wa zaidi ya miaka mia. Tulimwita Fundi Upepo. Jina lake halisi wengi walishalisahau.

Aliacha shule mapema akashika useremala. Miaka tisa iliyopita kinanda kile kilikuwa kimekufa. Ngozi za mivukuto, ile mifuko inayosukuma upepo mabombani, zimepasuka, panya wamezaliana ndani. Kamati ya kanisa ikasema kiuzwe kama chuma chakavu, kinunuliwe cha umeme. Fundi akasimama.

"Nipeni mwaka mmoja. Kisipolia, kiuzeni, na mimi mniuze nacho."

Wakacheka. Wakampa mwaka.

Akakifungua chote. Mabomba mia sita na kumi na nne. Moja refu kuliko mlango, jingine dogo kama penseli. Kila bomba aliliandika namba kwa chaki, akayalaza ukumbini, akaenda kutafuta ngozi mpya. Mkewe akaona vumbi la miaka mia, akamwonea huruma mumewe. Akaleta ndoo na sabuni. Akayasugua yote.

"Aliporudi nikamwambia, baba watoto, umeona yanavyong'aa?" mama huyo alituambia. "Akakaa sakafuni. Akasema, mke wangu, umenimaliza."

Hakukuwa na namba hata moja. Kwa macho asingeweza kuyapanga. Mengi yalipishana unene wa ukucha tu. Ikabidi apulize kila bomba kwa mdomo, ajue mahali pake kwa sikio. Mia sita na kumi na nne! Makubwa yalikwenda vizuri. Alipofika kwenye madogo, akapuliza moja, akalikung'uta, akapuliza tena.

"Hili limeziba."

"Limeziba wapi? Linanitoboa masikio!" mkewe akadakia kutoka pembeni.

Fundi akaliweka bomba chini. Hapo ndipo mkewe alipojua. Misumeno ya useremala ilikuwa imemla masikio, na sauti nyembamba alikuwa hazisikii kabisa. Kamati ingejua, kazi ingeisha siku hiyo hiyo, na kinanda kingeishia kwa wauza vyuma.

"Utaniona mjinga," akasema.

"Mjinga nilikuona tangu uchumba. Puliza."

Akapuliza, mama akasikiliza kama sauti inafuata ya bomba lililotangulia. Kidole juu, sauti iko juu mno. Kidole chini, iko chini mno. Akiitikia kwa kichwa, ndiyo yenyewe. Wiki tano. Hawakumwambia mtu. Kisha fundi akabana ngozi mpya na kufunga mota ya umeme, ili pasiwepo tena mtu wa kuvuta mivukuto kwa mkono.

Siku kinanda kilipolia, kanisa zima lilitazama mabomba. Fundi alimtazama mkewe. Mpigaji wa kinanda alipoliza lile bomba dogo kama penseli, mama akaitikia kwa kichwa. Fundi akatoka nje kupenga kamasi.

Wasikilizaji wapendwa, kwenye ibada ya mazishi mpigaji alimalizia na bomba lile lile. Mama alikuwa ameketi mbele, karibu na jeneza. Akaitikia kwa kichwa.

"Mazoea," alituambia. "Nilisahau kwamba haniangalii."

Mama, wewe na wanao, poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni: ni kitu gani kimekushinda siku hizi, na umemficha nani? Kama yuko hapo nyumbani, zima redio. Kamwambie.