Simu Iliyosikilizwa Hombolo

Sikilizeni wanangu, nawe mkwe wangu Aneth sogea, usisimame mlangoni, maana leo naiweka kando ile heshima ya ukwe iliyonifikisha kwenye aibu hii. Stanley, niinulie mto. Tangu serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara ya simu, nilijisifu kwamba mimi, mtoto wa mchunga ng'ombe, nimepeleka simu Hombolo na vijiji ambavyo wakubwa walivipita. Na kwa kiburi hicho neno la siri la kuingilia mitambo yetu yote nikaliweka jina la baba yangu, Chilongola, jina lile lile tulilolipaka rangi juu ya mlango wa kila kituo.

Aneth, aliyesomea mitambo, aliuona ufa huo tangu alipoolewa hapa, lakini mkwe hamkosoi baba mkwe, basi akampitishia mama yenu Emilia ujumbe kwamba kila kituo kiwe na neno lake, na libadilishwe kila fundi anapoondoka. Nikacheka, nikasema huyu binti anataka kumfuta mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami ukuta umeniangukia kitandani. Sostenes, fundi tuliyemwachisha kazi, alikaa kwake Makole na kompyuta yake, akaingia kwenye mtambo wa Hombolo kwa jina la baba yangu, akamsikia mjane Miriam akimwambia mwanawe kuwa shida zimemzidi na shamba la zabibu atalitoa kwa bei yoyote. Akampenyezea mnunuzi habari hiyo, naye akaja na bei ya kutupa, akalichukua shamba.

Juzi Miriam amekuja kuniona. Kaniletea uji, kanishukuru kwa simu iliyomwezesha kumsikia mwanawe. Naona haya, wanangu, naona haya hata kuwatazama. Niliunywa uji wake nikanyamaza.

Nyumba ni ya mama yenu. Ng'ombe wa Hombolo msigawane mpaka wauzwe wa kulikomboa shamba la Miriam, lirudi mikononi mwake; watakaobaki, gawaneni. Mitambo namwachia Aneth, na Stanley usinune, mkeo anajua kuliko wewe. Kila mwezi autafute ufa kabla mwizi hajauona, na ukionekana usemwe. Msiwaambie wateja ni radi iliyoharibu mtambo, kama mlivyokuwa mnapanga hapo ukumbini, nimewasikia.

Nipeni maji... Siku ya kunizika, watani wataingia kaburini, watakataa kutoka, watanisema, nanyi kwa desturi mtatakiwa kutoa noti wanyamaze. Safari hii msitoe. Mwambieni Athuman wa Kondoa, mtani wetu, habari hii yote, aitangaze pale pale mbele ya wateja, Miriam akiwapo, kwa sababu mimi... mimi mdomo ulinishinda. Wateja watakaoondoka, waacheni waende.

Aneth, mwanangu, lete mkono. Mungu akubariki... awabariki wote, awape usingizi... wa watu wasioficha kitu. Stanley, nakujua wewe. Athuman akianza... usimpe hata senti.