Mzee wa Kwenye Simu

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za tangu Jumapili. Mie mnanijua, muuza nyanya wa Mabibo, mwenye maneno mengi. Leo nitajitahidi niseme machache.

Nina sukari, hilo halina siri. Nilikuwaga nameza vidonge vyangu vizuri tu. Siku moja rafiki yangu wa Mbezi Beach akanitumia sauti kwenye simu. Mzee anaongea taratibu, anaanza na dua, anatuita wanangu. Msinicheke jamani, nilimwamkia. Nimeshika simu katikati ya soko nasema shikamoo baba. Akasema vidonge vya sukari vinaua figo, tuchemshe majani fulani tunywe, ugonjwa unakwisha kabisa. Mtu mzima anakwambia hivyo, utaanzaje kumbishia?

Nikaacha vidonge, nikanywa majani. Baada ya muda nikaanguka palepale kwenye matenga yangu ya nyanya.

Hospitali nesi akaniuliza, "Nani kakwambia uache dawa, mama?" Nikamjibu ni mzee mmoja. "Mzee gani? Anakaa wapi?" Nimetoka wodini swali lile bado linaniwasha. Nikataka nimjue huyo mzee.

Nikampigia rafiki yangu: kaipata kwa wifi yake. Wifi kaipata kwenye kundi la kwaya. Wa kwaya kaipata kwa jirani. Kila mmoja ananiambia aliyemtumia ni mtu mwaminifu, ila mzee mwenyewe hakuna anayemjua. Hamu ikazidi. Nikampigia na shangazi yangu wa Kimbiji, maana naye ana sukari, nimuulize kama imemfikia na nani kamletea.

"Si wewe ulinitumia?" akasema. "Vidonge nimeshatupa. Nilijua wewe huwezi kunidanganya."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nililia. Nikapanda gari muda uleule hadi Kimbiji, nikampeleka zahanati. Alhamdulillahi, tuliwahi.

Namshukuru yule nesi, na nyie mliouza nyanya zangu nilipolazwa. Mzee sijampata mpaka leo. Ila ukiletewa jambo, muulize aliyelileta kalitoa wapi, hata kama mnapendana. Siyo utovu wa adabu. Shangazi yangu sasa hivi nikimtumia chochote, hata picha ya harusi, ananipigia kwanza: "Mwanangu, hili umeliona mwenyewe au umeletewa?"

Nikisema nimeletewa, anakata simu.