Kidude Nyuma ya Sikio

Nilikuwa nakamua shuka alilolowesha baba watoto kwa jasho la kuacha pombe, nikasikia Breki, dereva mstaafu, akiniita kutoka kwenye benchi lililoegemea ukuta wangu. Hapo yeye na wenzake wanakunywa kahawa mpaka jua lizame, kisha wanahamia kilabuni. Mume wangu alikuwa mwenzao hadi juzi.

— Shemeji, mumeo karudi kutoka hospitali. Wamemfunga umeme.

Nikatoka na shuka mkononi. Alikuwa amekaa katikati yao, kidude kimebandikwa nyuma ya sikio. Alinieleza maneno ya nesi: kinasisimua mishipa ya fahamu juu ya ngozi, bila sindano, ili kutetemeka na jasho vipungue. Dawa aendelee nazo, na kesho arudi wamwangalie.

Fundi Redio, mwenzao mwingine wa benchi, alikiinamia, akasema hiyo ni antena; hospitali wanasikia kila anachoagiza. Breki akakataa. Kwake ilikuwa breki ya mkono: ukinusa bia, miguu inagoma. Fundi akazidisha, eti baada ya mwezi jamaa atashika balbu na itawaka.

— Basi umeme ukikatika tutakuazima, kaka, alisema Breki.

Mume wangu alicheka, ila kikombe kiligongagonga meno yake. Jua lilikuwa linashuka. Nikamwona anatazama njia ya kilabuni.

— Twende tukakijaribu, alisema Fundi. Kinywaji kimoja tu, tuone kama kidude kitalia.

Mshonaji, mpangaji wangu mpya wa chumba cha nyuma, alikuwa amenifuata na vibanio vya nguo. Akauliza kwa upole:

— Samahani, kaka zangu. Ninyi mkienda, yeye anabaki na nani?

Breki alichungulia birika. Lilikuwa tupu. Fundi aligeuzageuza kikombe chake.

— Si anacho hicho kidude, alisema, lakini hata yeye hakuonekana kujiamini.

Nikawaambia maharage yako jikoni. Anayekwenda aende, anayebaki akanawe mikono.

Niliongeza maji kwenye sufuria. Nilipopakua nikahesabu vichwa: watoto, mshonaji, Fundi, Breki akilalamika chumvi haitoshi, na baba watoto karibu na mlango. Kijiko chake kilimwaga nusu njiani, kikafika mdomoni. Wote wapo. Nikakaa, nami nikala.